Kabla hamjampeleka kwa fundi wa vimeo

Tabora,
9 Julai

Mpendwa Mama Zawadi,

Kwanza nifikishie shikamoo kwa mama mkwe, maana najua barua hii utamsomea vipande. Sisi huku wazima, vumbi tu ndilo linatutawala. Mwezi wa saba Tabora ukipiga chafya unaweza kufyatua tofali.

Juzi tulipoongea nilimsikia Zawadi nyuma yako, kikohozi kikavu mfululizo, kisha kilio. Ukaniambia usiku wa kumi na moja huo hamjalala, na kwamba Jumamosi mnampeleka akakatwe kimeo. Nilipofungua mdomo nijibu, simu ikakatika, na tangu hapo nakupigia naambiwa haupatikani. Ndiyo maana naandika kwa haraka. Barua imefungwa pamoja na chupa ya asali, dereva wa basi la Mbeya ameahidi kuikabidhi kwa mwenzake wa Njombe.

Hili sikuwahi kukusimulia, kwa aibu. Kijana wangu alipokuwa na mwaka na miezi saba alikohoa wiki tatu. Mchana anakuwa mzima kabisa, anakula, anafukuza kuku wa jirani. Giza likiingia kinaanza. Saa nane za usiku ndipo kinapopamba moto, anakohoa mpaka anatapika chakula cha jioni, tunabadilisha shuka, tunalala nusu saa, kinaanza tena. Baba yake alikuwa anaamka kwenda kazini macho mekundu kama mlevi.

Nilinunua dawa ya maji dukani. Ya kwanza ilimlaza kama gogo, na kikohozi kikaendelea humo humo usingizini. Ya pili hata sikumbuki ilikuwa ya nini. Nikaongeza antibaiotiki, nusu dozi, kwa ushauri wangu mwenyewe. Mwalimu mzima! Baadaye ndipo nikaelewa kwamba kikohozi cha mafua ni cha virusi, antibaiotiki haikigusi, na kwamba hizo dawa za kikohozi kwa watoto wadogo hazisaidii kitu cha maana, tena za kusinziza zinaweza kumpunguzia pumzi. Na zile za Gambia mwaka 2022 uliziona kwenye taarifa ya habari, watoto kadhaa wa kadhaa walikufa figo zao zikiwa zimeharibiwa na dawa ya kikohozi yenye sumu ndani. Tangu hapo chupa ya dawa ya maji naitazama mara mbili.

Shangazi ndiye aliyesema, "Huyu ni kimeo, mfungue mdomo." Nikamulika kwa tochi ya simu. Kweli, kale kanyama kanakoning'inia kooni kalikuwa kekundu, kamevimba. Nani asingeamini? Tukaenda kwa fundi. Mzee mpole, anatania watoto, akina mama watano wamekaa chini ya mwembe wanasubiri zamu. Alikuwa na kisu kidogo kilichopinda kama mundu. Akakichovya kwenye beseni la maji, akamkata mtoto wa kwanza, akakichovya tena kwenye beseni lile lile, akaita, "Anayefuata." Maji yalishaanza kubadilika rangi. Nilimfunga mwanangu mgongoni nikaondoka bila kuaga. Shangazi hakusema na mimi mpaka Krismasi.

Mama Zawadi, lile beseni bado naliona. Damu ya mtoto mmoja inaingia kwenye kidonda cha mwenzake, na damu ndiyo njia ya virusi vya UKIMWI na homa ya ini. Kuna pepopunda. Kuna kutokwa damu ambako hukuoni, kwa sababu mtoto wa umri ule hatemi, anameza tu. Na kimeo hakijakosea kitu, kipo pale kusaidia kuziba njia ya pua mtu anapomeza. Muuguzi wa kituo cha afya, nilikompeleka baada ya kumkimbia fundi, aliniambia koo lolote lililokohoa wiki tatu litakuwa jekundu na kimeo chake kitavimba. Kukikata kwa ajili hiyo ni kama kumkuta mtu anatiririka jasho ukasema jasho ndilo lililomkimbiza.

Lakini utaniuliza, mbona wa fulani alikatwa akapona? Nilimuuliza muuguzi hivyo hivyo. Akacheka. Kikohozi cha mafua huondoka chenyewe, wengine siku kumi, wengine wiki tatu. Fundi anaitwa lini? Wiki ya tatu. Hata angemkata kucha, kikohozi kingeisha.

Sasa sikiliza alichofanya huyo muuguzi, maana ndicho nataka ukifanye usiku huu huu. Hakuanza na dawa. Alisubiri mtoto asinzie mapajani kwangu, akampandisha shati, akaniambia nihesabu tumbo linavyopanda, dakika nzima kwa saa, si nusu dakika ukazidisha. Nikapata 32. Kwa mtoto mwenye mwaka mmoja hadi asiyefikisha mitano, 40 na kuendelea akiwa ametulia ni kupumua kwa haraka, huenda ni nimonia, na hapo ni hospitali siku hiyo hiyo. Hesabu wakati hakohoi wala halii. Kisha tazama chini ya mbavu. Kifua kikibonyea ndani kila anapovuta hewa, usihesabu tena, ondokeni. Vilevile akishindwa kunywa au kunyonya, akitapika kila kitu, akilegea asiamke vizuri, akipata degedege, midomo ikiwa ya bluu, au akivuta pumzi kwa mkoromo mkali hali ametulia. Hayo hayasubiri asubuhi wala nauli ya mwisho wa mwezi, kopa.

Alipomaliza hayo ndipo akaniuliza swali ambalo hakuna aliyewahi kuniuliza: "Chumbani mnalala na nini?" Nikamwambia mimi, baba yake, mtoto. "Na nini kingine?" Nikakumbuka dawa ya mbu, ile ya kuchoma ya duara. Kila usiku niliiwasha chini ya kitanda, dirisha nimefunga ili isipotee bure. Kuna watafiti walioipima wakakuta duara moja linatoa chembe ndogo za moshi sawa na sigara kati ya 75 na 137. Yaani nilikuwa namvutisha mwanangu sigara paketi kadhaa kila usiku, halafu asubuhi namnunulia dawa ya kikohozi.

Tukaitupa, tukafunga chandarua. Blanketi na godoro nikavitoa juani. Usiku wa tano alilala mpaka jogoo. Sitakudanganya kwamba ni chandarua peke yake, huenda na mafua nayo yalishafika mwisho wake, la sivyo nitakuwa kama yule fundi. Ila baada ya hapo alipopata mafua tena hakukohoa kwa namna ile.

Njombe mbu si wa kutisha, lakini baridi ya sasa naijua, na jiko la mkaa mnaliingiza chumbani, usinikatalie, nimelala hapo kwenu. Litoeni, Mama Zawadi. Moshi unamkwaruza koo, na ile hewa ya mkaa isiyo na harufu imeshaua watu usingizini, wazima na kikohozi hawana. Mvalisheni soksi na sweta, alale katikati yenu. Na baba Zawadi sigara yake aivutie nje, hata kama nje kuna barafu.

Kuhusu asali. Nusu kijiko kidogo mpaka kijiko kimoja kabla ya kulala, alambe taratibu, umfute meno. Hii ni ya misitu ya miyombo, nyeusi, usishtuke. Zawadi ana mwaka na miezi minane, anaruhusiwa. Ila yule mtoto wa wifi yako mwenye miezi mitano asilambishwe hata kidole, chini ya mwaka mmoja asali inaweza kumletea sumu ya kulegeza misuli mpaka ya kupumua. Najua bibi anapenda kulambisha vichanga. Hapo utahitaji busara zako.

Pua ikiziba, chemsha maji, yakiwa kikombe cha robo lita weka nusu kijiko kidogo cha chumvi, kijiko cha kufuta si cha mlima, yapoe kabisa, umdondoshee tone mbili tatu kila tundu kabla ya kulala. Atalia. Makamasi yakitoka hayatashukia kooni akilala chali, na hicho ndicho kinachomkohoza usiku zaidi ya mchana. Akiamka na kikohozi, muinue akae wima kifuani kwako, mpe maji ya uvuguvugu kidogo kidogo, au ziwa kama bado ananyonya. Ile dawa ya kuchua yenye kafuri iache, hajatimiza miaka miwili. Na mtu asimpe mafuta ya taa, hata tone.

Umesema ni siku ya kumi na moja. Kikohozi kikivuka siku 14, nendeni kituo cha afya hata kama anacheza, wamwangalie kama ni pumu (kuna filimbi anapotoa pumzi? kuna mtu wa ukoo mwenye pumu?) au kifua kikuu, hasa kama kuna mtu hapo nyumbani anakohoa muda mrefu, au kama uzito kwenye kadi ya kliniki umesimama. Kadi hiyo hiyo itazameni kama alimaliza chanjo za wiki ya 6, 10 na 14, maana humo ndimo mna kinga ya kifaduro, kile kikohozi kikali cha kuambukiza. Halafu jikumbushe kilianzaje. Kama kilianza ghafla siku moja anatafuna karanga au mahindi, usingoje hizo siku 14, kuna kitu kimeingia njia ya hewa na wanatakiwa kukitoa.

Limebaki la mama mkwe, na najua ndilo gumu kuliko yote. Usimwambie kimeo ni ushamba. Yeye amelea saba, na wewe mmoja. Mwambie, "Mama, twende wote kituoni, wewe ndiye umbebe." Usiku mpe yeye kazi ya kuhesabu pumzi, wewe shika saa. Mimi shangazi nilimkimbia pale chini ya mwembe bila neno, na nilikosea. Angeambiwa kwa heshima angenisaidia kuliko mtu yeyote, maana usiku ule ule ndiye aliyekuwa macho pamoja nami.

Nipigie ukipata mtandao, hata saa nane usiku, mimi nilishazoea. Na chupa naomba uirudishe kwa dereva, ni ya kuazima.

Wako,
Mama Juma