Bett ndiye aliyemfuata wakili Sedgwick

Ndugu Mhariri,

Nimeisoma kwa makini makala ya toleo lililopita kuhusu Theodore Sedgwick, wakili na mbunge wa Marekani aliyezaliwa mwaka 1746 na kufariki mwaka 1813, nami naona mwandishi amemsifu kupita kiasi mahali pamoja na kumfichia aibu mahali pengine.

Makala inasema Sedgwick alimpa uhuru mtumwa aliyeitwa Bett. Bett ndiye aliyemfuata. Mwanamke huyo, ambaye hakujua kusoma wala kuandika, alimilikiwa na Kanali John Ashley wa Sheffield, Massachusetts, na inasimuliwa kwamba siku mke wa Ashley alipoinua sepeto ya jikoni, ikiwa bado ya moto, ampige nayo Lizzie, ambaye wengine husema alikuwa mdogo wake Bett na wengine binti yake, Bett alilikinga pigo kwa mkono wake akabaki na kovu hadi kufa. Katiba ya Massachusetts ya mwaka 1780 ilikuwa imetamka kwamba watu wote huzaliwa huru na sawa. Bett akaenda kwa wakili kuuliza kama maneno hayo hayamhusu na yeye.

Hapo ndipo sifa ya Sedgwick inapoanza, na sina nia ya kumnyima. Yeye na mwenzake Tapping Reeve waliomba hati ya mahakama ambayo kwa kawaida hutumika kurudisha mali inayoshikiliwa isivyo halali. Ashley, alipoamriwa kuwaachia Bett na mtumwa mwenziwe Brom, alikataa akidai kwamba ni watumishi wake wa maisha, na kwa jibu hilo akawa ameuleta utumwa wenyewe mbele ya mahakama. Agosti 1781, huko Great Barrington, juri iliamua kwamba wawili hao hawakuwa watumwa, na Ashley akatakiwa kulipa fidia ya shilingi 30. (Ni Ashley huyuhuyu ambaye mwaka 1773 nyumbani kwake lilitungwa azimio la Sheffield lililotangaza usawa na uhuru wa wanadamu, karani akiwa Sedgwick.) Bett akajiita Elizabeth Freeman, akakataa kurudi kwa Ashley hata kwa mshahara, akachagua kufanya kazi ya malipo kwa Sedgwick.

Mambo ya miaka kumi baadaye makala haikuyagusa kabisa. Novemba 1791, akiwa katika Baraza la Wawakilishi, Sedgwick ndiye aliyewasilisha muswada wa kamati uliohusu kurudishwa kwa watumwa waliotoroka kutoka jimbo moja kwenda jingine. Muswada ule haukupita, lakini mwaka 1793 Bunge lilipitisha sheria ya aina hiyohiyo. Wakati huo Elizabeth alikuwa akitumika katika nyumba ya Sedgwick huko Stockbridge na kuwalea watoto wake. Mwandishi aliyepata nafasi ya kutueleza kwa kirefu habari za useneta, uspika wa mwaka 1799 hadi 1801 na ujaji wa Mahakama Kuu ya Massachusetts, bila shaka angepata mistari miwili ya jambo hili.

Naomba pia maelezo yaliyo chini ya picha yasahihishwe. Elizabeth Freeman, aliyefariki mwaka 1829, hakuzikwa Sheffield. Kaburi lake liko Stockbridge, katika eneo la makaburi ya ukoo wa Sedgwick.

Msomaji wako,
Tanga