Kemia na makonyo

Asalaam alaykum shoga yangu,

Natumai hujambo huko Unguja na watoto wazima, sie huku Pemba alhamdulillah. Meseji yako niliiona jana usiku unaniuliza wanafunzi wangu wa kemia wanaendeleaje, nkasema hii siijibu kwa mstari mmoja.

Shoga, kinachoniuma si zile alama. Mtoto anaingia fomu wani hajashika hata bika na keshajua kemia ngumu, kaambiwa na kaka yake, kaambiwa njiani, na wengine wameambiwa na mwalimu mwenyewe kwamba somo hili la wenye vichwa. Basi akikutana na moli, ile idadi ya chembe 6.02 × 10²³, anaikariri kama namba ya simu, hajui inahesabu nini, suali likigeuzwa kidogo tu hana pa kushika. Halafu watu wanasema watoto wavivu! Si wavivu wallahi, huyohuyo anosinzia kwenye kipindi changu, akenda chuoni kwa Kurani anahifadhi juzuu nzima. Na lugha nayo, kitu anakijua kabisa ila akiulizwa kwa Kiingereza anainama.

Sasa wiki iliyopita tulikuwa tunachambua karafuu nyumbani nkachukua makonyo, vile vikonyo vinavyobaki karafuu ikichambuliwa, kwenye mfuko nkenda nayo skuli. Tukayachemsha na maji kwenye flaski, mvuke ukapita kwenye kondensa, lile bomba la kuupoza urudi maji, tunayo moja tu nzima. Yakatoka maji meupe kama tui, wakanyamaza wote. Tukayaacha yatulie, mafuta yakashuka chini! Hapo darasa likalipuka, mwalimu mafuta si huelea? Nkawambia haya mafuta ya karafuu mazito kuliko maji, na mle mna kitu kinaitwa eujenoli, peke yake inachemka kwenye nyuzi 254 hivi lakini ikienda na mvuke inatoka hata nyuzi 100 hazijafika. Wakabishana mpaka kengele ikagonga, na kengele haikumtoa mtu.

Kuna msichana mmoja hajawahi kunyoosha mkono tangu mwaka uanze, mtihani wa mwisho kapata 19. Akasema bibi yake humtia karafuu jino likimuuma, ndo hiyo hiyo eujenoli inayotia ganzi? Nkamwambia ndo hiyo, na madaktari wa meno wanaichanganya na zinki oksaidi kuzibia jino. Shoga nlitaka kulia. Zoezi la juzi kapata 41, si nyingi najua, ila kaja mwenyewe kuniuliza kwa nini la tatu kakosa.

Wale wavulana wa nyuma bado, sikudanganyi.

Nataka niwapeleke Wawi wakaone kiwanda cha makonyo, naandika barua ya kuomba ruhusa wiki hii. Na ukija na boti sikukuu niletee karatasi za litmasi, zangu zimekwisha, na kama skuli yenu ina bureti iliyokatika ncha msiitupe, huku naitaka.

Wasalimie wote nyumbani.

Shoga yako