Tunaozuru matumbawe ya Kisite tuangalie kwa macho tu

Mhariri,

Mimi ni fundi wa friji hapa Kariobangi. Mwezi wa pili, maji yakiwa bado maangavu kabla ya pepo za kusi, niliteremka Shimoni na shemeji yangu, tukapanda mashua hadi Kisite, hifadhi ya bahari ya pwani yetu ya kusini. Kuzamia nilijifunzia papa hapa Nairobi, kwenye bwawa la kuogelea. Somo la kwanza ni kutobana pumzi, maana ukifika mita 10 tu shinikizo ni maradufu ya lile la juu, na hewa ya mapafuni hutanuka unapopanda.

Kule chini niliwasikia samaki pono wakiguguna mwamba, ka-ka-ka, kama mtu anayetafuna njugu sikioni mwako. Mkunga, samaki mrefu kama nyoka, alichungulia pangoni, mdomo ukifunguka na kufumba. Watu humwogopa, kumbe anapumua tu. Kasa akatupita bila haraka.

Kisha aliyekuwa akituongoza akaokota kiti cha pweza, mnyama wa bahari mwenye umbo la nyota, mwekundu mwenye nundu, akampandisha mashuani tupige picha. Alipita mikono sita. Nami nilimpokea. Mgongo ulikuwa mgumu, lakini chini yake vijiguu laini, vingi mno, vilikuwa vikipapasa hewani vikitafuta pa kushika. Nimerudi kazini na bado naviona.

Wakati huo wawili tuliotoka nao Nairobi, waliokuja kuogelea na miwani tu, walichoka wakasimama juu ya tumbawe. Likakatika kipande cha ukubwa wa kiganja. Tumbawe si jiwe, ni mnyama, na yale ya mviringo hukua kama sentimita 1 kwa mwaka. Mwaka 1998 bahari ilipata joto, matumbawe mengi ya pwani yetu yakageuka meupe na kufa. Tunachokanyaga ni kilichosalia na kilichoota upya kwa taabu.

Siwalaumu wale wawili. Hakuna aliyewaeleza lolote, wala hawakuwa na jaketi la kuelea. Naomba wenye mashua watoe dakika tano kabla ya nanga kung'olewa, kwa Kiswahili, na kila asiyeogelea vizuri avalishwe jaketi, ili akichoka aelee asitafute pa kukanyaga.

Nasi wa Nairobi tuache kutoa bakshishi kwa ajili ya picha ya mnyama aliyetolewa majini. Siku ile tulitoa, na ndiyo maana wa pili akaletwa.

Fundi wa friji,
Kariobangi, Nairobi