Kaburi la kale lisipigwe saruji: niliyoyaona Roma na Athens

Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua. Mwezi uliopita vijana wa kijijini kwetu, pwani ya kusini njia ya kwendea Rufiji, walinijia nyumbani Mtoni Kijichi na Canter iliyobeba mifuko 12 ya saruji pamoja na nondo. Kwetu kuna kaburi la kale la mawe ya matumbawe, lenye mnara, na ubavu wake mmoja umeanza kumeguka. Walichangishana wenyewe, jambo la kusifiwa, wakanitaka niwasimamie kwa kuwa nimeshika mwiko miaka 41. Nikakataa. Wakaondoka wamenuna, na sasa nasikia inasemwa kuwa Babu alikwenda Ulaya akarudi na maringo. Sababu yangu ni ndefu, haikufaa kuelezwa watu wamesimama na injini inaunguruma. Naiandika hapa waisome wakiwa wametulia.

Mwaka jana binti yangu, ambaye ni muuguzi na anaishi na mumewe Pozzuoli, mji wa bandari jirani na Naples huko Italia, alinialika nikakae nao majuma matano. Zaidi ya kuwaona wajukuu nilimwomba jambo moja: anipeleke kwenye magofu ya Warumi, na Mungu akijalia, ya Wagiriki pia. Nimejenga maisha yangu yote. Nilitaka kuiona kazi ya mafundi waliokufa karibu miaka 2,000 iliyopita, kazi ambayo bado imesimama.

Pale pale Pozzuoli, karibu na bandari, kuna magofu ya soko la Warumi, na nguzo tatu ndefu za marumaru zingali wima. Kila nguzo ina mkanda wa vitundu vingi, kama ubao uliotobolewa na dumuzi. Nilivitambua kabla binti hajafungua kinywa. Ni vya kome wanaotoboa mawe; mtoto wa pwani aliyekwenda mwambani maji yakipwa amekwisha viona. Ardhi ya mji ule huzama na kuinuka polepole kwa nguvu ya volkano iliyo chini yake, kwa hiyo nguzo zilishuka baharini, zikatobolewa, kisha zikapanda tena. Nilishika uzio nikazitazama mpaka wajukuu wakaanza kulia njaa.

Majivu ya volkano ya mji huo ndiyo yaliyotoa jina la pozolana, ambalo watengenezaji wa saruji wanalijua hata hapa nchini. Warumi waliyachanganya na chokaa, wakatia vipande vya mawe, wakapata zege linaloganda hata ndani ya maji ya bahari.

Zege hilo nililiona vizuri zaidi Roma, katika jengo liitwalo Pantheon, hekalu lililomaliziwa enzi za mfalme Hadrian, kama mwaka 126, na ambalo leo ni kanisa. Kuba lake lina upana wa mita 43. Halina nondo hata moja. Nasema hivi kwa mafundi wenzangu, maana wao wataelewa: upana wa mita 43, bila nondo, karibu miaka 1,900. Chini kuta zina unene wa kama mita sita na zege lake lina mawe mazito. Kadiri unavyopanda walitia mawe mepesi zaidi, na juu kabisa wakatumia yale ya volkano yenye matundu kama sponji. Kileleni wakaacha tundu la karibu mita tisa, mwanga uingie na uzito upungue. Mvua ikinyesha maji huingia ndani, yakatokea kwenye vitundu vilivyotobolewa sakafuni. Mimi nimeona slabu za Kariakoo zikimwaga vipande baada ya miaka 30 kwa sababu nondo imeota kutu na kuvimba ndani yake. Nilikaa mle saa nzima. Mkwe wangu alikuja mara mbili kuniuliza kama naumwa.

Ukilitazama zege la Warumi pale lilipomeguka unaona vipunje vyeupe vya chokaa. Zamani ilidhaniwa kuwa ni uchanganyaji mbaya. Mwaka 2023 watafiti walieleza kuwa vipunje hivyo ni dawa: maji yakipenya kwenye ufa huyeyusha chokaa, nayo huganda tena na kuuziba ufa.

Colosseum, ule uwanja wa kale wa michezo wa Roma, sitaieleza sana, kila mtu ameiona pichani. Ila msafiri akifika atazame matundu yaliyojaa kwenye mawe yake. Humo mlikuwa na vibano vya chuma vilivyoshikanisha jiwe na jiwe, na baadaye watu wakavichokoa kuchukua chuma.

Sasa nafika kwenye jambo lenyewe. Pompeii, mji uliofukiwa na majivu ya volkano ya Vesuvius mwaka 79, una barabara ambazo bado zina mifereji iliyochimbwa na magurudumu ya mikokoteni. Humo kulikuwa na jengo wanaloliita nyumba ya wapiganaji. Mwaka 1943 lilipigwa kwa mabomu ya vita. Baada ya vita likajengwa upya na kuezekwa kwa zege zito la kisasa lenye nondo. Novemba 2010 mvua ikanyesha mfululizo na jengo likaanguka lote. Wataalamu walipotafuta sababu walitaja maji, na walitaja uzito wa zege lile. Waliolijenga hawakuwa na nia mbaya. Walitaka liwe imara, kama vijana wetu wanavyotaka.

Kutoka Bari tulipanda meli usiku kucha hadi Patras, Ugiriki, kisha basi hadi Athens. Nilipanda kilima cha Acropolis asubuhi, magoti yakiuma. Parthenon, hekalu lililo juu yake, ilijengwa kati ya mwaka 447 na 432 kabla ya Kristo, na mwaka 1687 ililipuliwa na kombora wakati ikiwa ghala la baruti. Watalii walipiga picha nguzo. Mimi nilikwenda kusimama karibu na winchi, pale mafundi wanapofanya kazi. Wagiriki wa kale nao walifunga mawe kwa vibano vya chuma, lakini kila kibano walikimwagia madini ya risasi ili chuma kisikutane na maji. Mwanzoni mwa karne ya 20 mhandisi Nikolaos Balanos alilikarabati jengo kwa chuma kisichovikwa risasi. Chuma kikaota kutu, kikavimba, kikapasua marumaru ambayo tetemeko na baruti viliiacha salama. Tangu miaka ya 1970 wanafanya kazi ya kuking'oa chuma hicho na kuweka titani, ambayo haioti kutu. Kipande kipya cha marumaru wanakiacha na weupe wake, ili mtu ajue kipi ni cha kale na kipi cha juzi.

Niliposhuka kilimani nilikuwa nafikiria kaburi la kwetu.

Wazee wetu walilijenga kwa matumbawe na chokaa waliyoichoma wenyewe. Jiwe hilo lina vinyweleo, na udongo wa pwani una chumvi. Unyevu hupanda kutoka chini kila siku, na katika ukuta wa chokaa hutokea kwenye maungio bila madhara. Ukiziba maungio kwa saruji, ambayo ni ngumu kuliko jiwe lenyewe, unyevu hauna pa kutokea ila ndani ya jiwe. Chumvi huganda humo na jiwe huwa unga. Baada ya miaka michache utaona lipu ya saruji imesimama kama ganda na nyuma yake hakuna kitu. Nondo kwenye hewa ya bahari, nimekwisha isema.

Mmoja wao aliniuliza Warumi wanatuhusu nini. Mwanangu, kitabu cha mabaharia kilichoandikwa kwa Kigiriki katika karne ya kwanza kinaitaja Rhapta, mji wa biashara katika pwani yetu hii, na Profesa Felix Chami wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam alichimbua shanga za enzi za Warumi katika delta ya Rufiji, si mbali na hapo mnapolala. Walitufahamu. Nenda pia Kunduchi ukayaone makaburi yenye minara iliyopachikwa mabakuli ya Kichina, nauli yake ni ya daladala.

Najua chokaa inachelewa. Lazima ilale majini miezi, ipakwe kwa tabaka nyembamba, ifunikwe magunia mabichi isikauke kwa pupa. Na ule mkuyu uliochipua juu ya mnara usivutwe, mizizi itatoka na mawe. Ukatwe, mzizi ufie mle mle.

Saruji yenu, wajukuu zangu, ijengeeni sakafu ya madrasa, pale ndipo mahali pake. Mimi nimekwisha chimba shimo nyuma ya nyumba na chokaa imo majini tangu tarehe mosi. Itakaa mpaka masika yapite. Wakati inalala, twende pamoja Idara ya Mambo ya Kale tukaombe kibali, maana bila hicho hata mimi sitagusa jiwe. Nauli ya watu wanne nitatoa.

Fundi mwashi mstaafu,
Mtoni Kijichi, Dar es Salaam