Barua kwa Mwanangu Aliye Leeds

Mwanangu,

Assalaam aleikum. Huku hatujambo, isipokuwa goti la mama yako, nalo unalijua.

Umesema Jumamosi mnapanda basi namba 36 kwenda Harewood kutembea kwenye bustani za lile jumba. Nendeni. Ila ziwa likiwa limeganda, usilikanyage, hata wenzako wakikucheka. Desemba 2022, kule Solihull, hukohuko Uingereza, barafu ilipasuka ikawameza watoto wanne, wote wakafa, nao ni watu wa baridi hiyohiyo. Sembuse wewe wa Pangani usiyejua kuogelea. Na usiniulize ni nani aliyekukataza mtoni. Mto una mamba.

Habari za jumba hilo nimezisoma. Edwin Lascelles alianza kulijenga 1759 kwa utajiri wa ukoo wake, sukari ya visiwa vya Karibi na jasho la watumwa. Sisi wa Pangani tunayajua mashamba ya miwa ya namna hiyo, kwa hiyo usiduwae sana na dari. Bustani aliipanga Lancelot Brown, na ziwa ni la kutengenezwa: kijito kilizibwa, maji yakajaa. Maana yake chini maji bado yanatembea, na maji yanayotembea hayagandi sawasawa. Barafu mimi naijua ya kwenye samaki tu, lakini maji nimekula nayo maisha yangu yote.

Tazama juu pia. Kuna mwewe wekundu wenye mkia wa panda. Walikuwa wametoweka huko, wakarudishwa hapo 1999. Piga picha, mama yako awaringie majirani. Mimi hujifanya sitazami. Ile ya juzi umevaa raba kwenye theluji. Pesa ya buti imekwenda wapi?

Tena msichelewe. Mwezi huu wa Desemba saa kumi kasorobo hivi jua limeshazama huko, na gizani theluji ya kwenye majani na ya ziwani hutazitofautisha.

Bati la jikoni tumebadilisha, fundi amekula pesa na bado panavuja. Nazi zimepanda bei. Shangazi yako anauliza kama Idi utakuwepo. Mjibu mwenyewe, mimi nimechoka kumdanganya.

Ukifika chumbani piga simu. Tumewatangulia saa tatu, lakini sitakuwa nimelala. Na huyo rafiki yako wa Nairobi mwambie naye asilikanyage.

Baba yako