Injini haina kosa, tenki ndo liulizwe

Mhariri, kila ndege ndogo ikitua kwa dharura shambani au barabarani watu wanakimbilia kusema injini mbovu, kumbe mara nyingi injini nzima kabisa, imekosa tu mafuta. Na kinachoniudhi zaidi ni ile inayozimika huku tenki la pili limejaa! Ndege ndogo kama Piper Cherokee ina tenki kila bawa, na swichi yake ya mafuta ni kushoto au kulia, hakuna zote mbili kwa pamoja, rubani ndo abadilishe mwenyewe, sasa akinogewa na stori injini inakohoa halafu kimya. Hapo unashusha pua usipoteze spidi, unageuza tenki, unawasha pampu, mara nyingi inawaka tena, ila ukiwa chini chini muda huo huna.

Geji nazo za kuziamini nusu nusu, fungua kifuniko juu ya bawa utumbukize kijiti upime. Sheria ya Marekani inataka akiba ya mafuta ya dakika 30 mchana na 45 usiku kwa anayeruka kwa kuona nje kwa macho, si kwa kutegemea vifaa, mi naona kidogo hiyo, upepo wa mbele ukikaza inaisha fasta. Waandishi wenu nao wakiripoti ajali waulize basi, tenki la pili lilikuwa na kiasi gani?

Msomaji wenu