Barua ya wazi kwa Waziri wa Misitu: ndege iruke, lakini utepe usiachwe

Mheshimiwa Waziri,

Nakuandikia kuhusu mpango wa kupima misitu kwa leza kutoka angani. Nauunga mkono kwa moyo wote. Ombi langu ni moja: fedha za kurusha ndege zisikatwe kwenye fungu la watu wanaotembea msituni kupima miti kwa utepe.

Leza hiyo hutoa mamia ya maelfu ya mipigo ya mwanga kila sekunde. Mingine hugonga majani ya juu, mingine hupenya matunduni hadi ardhini, na muda wa kurudi ndio unaotupa kimo. Hivyo ndivyo ulivyogunduliwa mwaka 2018 mti uitwao Menara (neno la Kimalay lenye maana ile ile ya “mnara” wetu) huko Sabah, Malaysia. Januari 2019 mtu akaupanda na utepe: mita 100.8.

Kaboni iliyomo mitini ni jambo jingine. Leza haiioni, inaona kimo na umbo. Ili tujue kaboni, ambayo ni karibu nusu ya uzito mkavu wa mti, lazima vimo hivyo vilinganishwe na viwanja vya vipimo msituni ambamo kila shina limezungushiwa utepe kwenye mita 1.3 kutoka ardhini na spishi yake kuandikwa. Mti wa mbao nzito na wa mbao nyepesi ikilingana kimo, kutoka juu ni pacha.

Nimeushika utepe huo miaka mingi. Kuna miti ambayo mizizi yake imesimama kama kuta kulizunguka shina. Hapo huna budi kupanda ngazi upime juu ya kuta hizo. Ukichoka ukazungushia mizizi, umeandika jitu lisilokuwepo, na kosa hilo linaingia kwenye hesabu ya msitu mzima.

Kwa bioanuwai, yaani wingi wa aina za viumbe, pia leza inasaidia sana. Tangu 1961 watafiti Robert na John MacArthur walionyesha kwamba pale majani yalipopangika kwa tabaka nyingi, aina za ndege wa msituni huwa nyingi zaidi, na tabaka hizo leza inazichora vizuri. Lakini msitu uliowindwa hadi ukabaki bila wanyama unaweza kuwa na tabaka zote.

Kwa hiyo, Mheshimiwa, kabla hujaidhinisha safari ya kwanza, tenga fedha za viwanja, vipimwe mwaka ule ule ndege inaporuka, na wapimaji walipwe kwa wakati.

Wako mtiifu,
Mpimaji wa miti